Sabuni ya Mtani

Wiki nzima mmenipigia simu. Mmoja kanitumia hata ujumbe wa matusi, ati kwa nini nilikata hadithi pale nilipokata. Haya, leo jibu mnalo. Nililijua mapema, na nawaambia kweli, sikutamani kuliandika.

Kwa mliochelewa: Hafsa, afisa ustawi wa jamii, alikwenda Mpapura kumzika mama wa mfanyakazi mwenzake. Pale msibani akamkuta mwanamke anachekesha watu katikati ya vilio. Kavaa gauni la marehemu, kavaa na miwani ya marehemu, anachechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea. Mtani alikuwa kazini. Hafsa alicheka na wenzake mpaka alipoitambua ile sauti.

Aliwahi kuisikia ofisini, kwenye spika ya simu. Ilikuwa siku ile alipopiga kwa majirani wa kijijini kwao, Mpapura, kuulizia tabia za Bwana Alawi na mkewe Ashura, waliokuwa wanaomba kumlea mtoto Riziki. Majirani wengine walisifu. Huyu akapasua kicheko. “Mpeni!” alisema. “Mpeni haraka, sabuni nishanunua! Wawili nishawaosha, huyo wa tatu ananichelewesha nini?”

Ofisi nzima ilicheka. Ukoo wa Alawi na ukoo wa mama yule ni watani wa kuoshana maiti na kuzikana tangu mababu, na nani asiyejua midomo ya watani? Alawi akapita. Siku moja kabla ya msiba huu, asubuhi, Riziki, binti wa miaka minne asiye na baba wala mama, alikabidhiwa kwake.

Kwa hiyo Hafsa alimfuata mama yule, Bi Zuhura, hadi uani, akitabasamu, akajitaja kuwa ndiye afisa aliyempigia simu, amshukuru kwa kuwachekesha. Na Bi Zuhura akaacha kucheka.

“Mwanangu,” aliuliza, “mlimpa?”

“Tulimpa nini?”

“Mtoto. Alawi mlimpa mtoto?”

“Jana asubuhi, mama.”

Bi Zuhura alivua miwani ya marehemu. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kinu kilicholazwa karibu na jiko la msiba.

“Lakini ulikuwa unatania,” Hafsa alisema.

“Nilikuwa nacheka.”

“Si ndiyo utani huo?”

“Alawi alikuwa amekaa pembeni yangu, mwanangu! Pembeni, hapa, goti lake na langu. Ile simu uliyopiga ilikuwa mkononi mwake. Ningesemaje?”

Hafsa akakumbuka. Namba za majirani wote alizipata kwa Alawi mwenyewe.

Zamani haikuwa hivyo, msomaji. Zamani afisa alifunga safari mpaka kijijini kwa mwombaji, akalala huko, akakaa na majirani mmoja mmoja. Alirudi mjini akaingia nyumba ya mwombaji chumba kwa chumba, hadi chooni. Ilichukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Watoto walikuwa wanaota magego kwenye makao ya yatima huku majalada yanangoja gari la ofisi. Ndipo ukaja utaratibu wa haraka: piga simu kwa majirani, mwombaji ajipigie video ya nyumba yake aitume, kazi kwisha.

Na Hafsa ndiye aliyeupigania utaratibu huo kuliko wote ofisini. Alikuwa na sababu. Riziki alishapata wazazi mara moja, mwalimu na mkewe, watu wa maana. Wakangoja ukaguzi, wakangoja, mwalimu akahamishwa mkoa, wakaacha. Siku ile mtoto alikaa mlangoni mwa makao na kibegi chake mpaka jua likazama. Hafsa aliapa kwamba mtoto yule hatangoja tena.

“Uliwaosha watoto gani?” Hafsa aliuliza.

“Saida kwanza. Halafu Zawadi. Watoto wa ndugu zake wa mbali, alipewa awalee. Kila mmoja alirudishwa hapa Mpapura amefungwa shuka. Alawi analia, anasema degedege, degedege.” Bi Zuhura aliinama, akashika kifundo cha mguu wake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya kubangua korosho. “Hapa. Ngozi imeliwa kuzunguka mguu wote. Kamba hiyo, mwanangu. Kwa Saida nilijidanganya, nikasema labda alichezea kamba ya mbuzi. Nilipomfunua Zawadi nikakuta palepale, mguu uleule.”

“Na ukanyamaza!”

“Nani kanyamaza?” Bi Zuhura aliwaka. “Nilisimama kwenye matanga, mbele ya watu wote. Nikamwambia, ‘Mtani, unafunga watoto wa watu kama mbuzi!’ Watu walicheka mpaka wakaanguka. Alawi naye alicheka. Halafu akaja kunishukuru kwa kuchangamsha msiba, akanibana mkono, akanitazama. Tangu siku ile namwogopa. Na mimi nani atanisikiliza? Kila nikifungua mdomo wanacheka kabla sijasema.”

Machozi yalimtoka, amevaa gauni la mtu mwingine. Hafsa alitaka kumchukia, lakini nafasi ya kuchukia hakuwa nayo.

Alimpigia bosi wake, Bi Doris, aeleze yote.

“Hafsa, upo msibani?” Doris aliuliza.

“Ndiyo, lakini nisikilize bosi...”

“Na aliyekwambia ni mtani wao?”

“Ndiye aliyewaosha hao watoto!”

“Hafsa. Mtoto amekabidhiwa kihalali. Uliyesaini ni wewe. Uliyenisumbua nisaini haraka ni wewe. Leo unataka nimnyang’anye mtu mtoto kwa maneno ya mtani wa msibani? Jumatatu, ofisini, tuandae ukaguzi wa kawaida.”

“Jumatatu ni mbali!”

“Ndiyo haraka yenyewe iliyopo,” Doris alisema, akakata.

Hafsa alipiga simu polisi, kwenye dawati la watoto. Walimwambia gari limekwenda tukio jingine, aje aandike maelezo. Akampigia Ashura. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa.

“Riziki hajambo?” Hafsa aliuliza.

Ashura akasema polepole, “Amelala.”

“Saa hizi? Tangu saa ngapi?”

“Amelala, dada,” Ashura alirudia, na simu ikakatika.

Najua wengi wenu mlishamhukumu Ashura tangu wiki ya kwanza. Kimya chake, macho yake ya chini, namna alivyokataa kumbeba mtoto siku ya kwanza pale makaoni. Hafsa naye alimhukumu palepale uani. Mwanamke asiye na mtoto, mwenye moyo mgumu, anafunga watoto wa wenzake kwa wivu. Alipanda bodaboda akiwa na hasira za kumrarua.

Bi Zuhura alipanda nyuma yake bila kuulizwa, na gauni la marehemu.

“Una karatasi ya kumtoa mtoto?” alimpigia kelele Hafsa sikioni, pikipiki ikikata upepo kuelekea Mikindani.

“Sina!”

“Sasa utaingiaje?”

“Nitabisha hodi, nitaomba kumwona!”

“Atakuonyesha kiti na soda. Mimi huwa sibishi hodi. Wewe nifuate, na nikikwambia cheka, ucheke!”

Nyumba ya Alawi ni zile za mawe za zamani, ghorofa moja. Chini ghala la korosho, juu vyumba vya kulala, na kati yake ngazi ya mbao. Hafsa alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Aliijua kwa video tu. Alikumbuka alivyofurahia kile kitanda kipya chenye shuka la maua, akamwonyesha mpaka mhudumu wa ofisi.

Alawi mwenyewe alikuwa kibarazani na majirani wawili, kanzu imepigwa pasi, sauti ya upole. Mtu wa kutoa mikeka msikitini, huyo. Mtaa mzima unamwita baba.

“Dada Hafsa!” alisimama. “Karibu sana, mbona hukusema kama unakuja? Na mtani wangu! Leo nyumba yangu imepata mkosi.”

“Mkosi umezaliwa nao!” Bi Zuhura alijibu, na kabla Alawi hajacheka vizuri, kofia yake ilikuwa imekwisha kuvaliwa na Bi Zuhura. “Jamani njooni! Mtani wangu anakufa leo, nimekuja kurithi mapema!”

Majirani wawili wakawa sita, sita wakawa mtaa. Kina mama waliacha majiko. Wote wanajua sheria ya jambo hili: mtani akiingia kwako anachukua anachotaka, na mwenye mali akikasirika, amejivunjia heshima mwenyewe. Anachotakiwa ni kucheka na kurudisha matusi.

Alawi alicheka.

Bi Zuhura alichukua chupa ya chai, akampa mama mmoja aishike. Akachukua feni ya mezani. Akachukua viatu vya Alawi, akavivaa, akaanza kupanda ngazi kwa kishindo. “Huku ndiko anakoficha mali!” Umati ulipiga makofi. Alawi alimfuata nyuma, anacheka, na Hafsa nyuma ya Alawi.

Juu, sebuleni, Ashura alikuwa amekaa sakafuni juu ya mkeka, miguu ameifunika kwa khanga. Hakusimama. Alimtazama Hafsa mara moja, akatazama chini.

“Riziki yuko wapi?” Hafsa alimuuliza kwa ukali.

“Nimeshakwambia, dada. Amelala.”

“Na hii khanga ni yangu!” Bi Zuhura alipaza sauti, akaivuta ile khanga miguuni pa Ashura kwa nguvu.

Hafsa akaona.

Kwenye kifundo cha mguu wa Ashura kulikuwa na pete ya kovu, nyeusi, pana, imezunguka mguu wote. Juu yake palikuwa na kidonda kibichi. Ashura aliukunja mguu haraka. Lakini walikuwa wameshaona wote wawili, na Ashura alijua wameona.

Hasira yote ya Hafsa iliisha ikabaki aibu. Mwanamke ambaye Hafsa alikuja kumrarua alikuwa amefungwa yeye mwenyewe. Kumbe kule makaoni hakukataa kumbeba Riziki kwa kuwa hampendi. Alikuwa anajua mtoto anapelekwa wapi.

“Cheka,” Bi Zuhura alimnong’oneza Hafsa, akipita na khanga begani. “Cheka, mwanangu, anakutazama.”

Hafsa alicheka. Sijui alikitoa wapi kicheko hicho.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango wenye kufuli. Bi Zuhura aliufikia, akautikisa.

“Hapo hapana, mtani,” Alawi alisema. Bado alikuwa anacheka, lakini alishasogea na kusimama katikati. “Nimeweka dawa za mikorosho. Zitakuua, nikose wa kunizika.”

“Dawa zinalala kwenye chumba cha kitanda kipya?” Hafsa aliropoka. Alikuwa ameutambua mlango kwa ile video.

Alawi aligeuka akamtazama. Macho hayakuwa na kicheko hata kidogo.

Bi Zuhura alikimbilia dirishani, akatoa kichwa nje. “Jamani, majirani! Mtani wangu kanifungia mke mdogo chumbani! Hataki kufungua!”

“Fungua!” mtaa uliitikia kwa vicheko. “Baba Alawi, fungua tumwone! Fungua! Fungua!” Vijana wawili walishaanza kupanda ngazi ili wasipitwe.

Fikiria ulivyo mtego huo, msomaji. Akikataa, mtaa utajiuliza. Akigomba, mtaa utajiuliza zaidi. Jasho lilimtoka Alawi kwenye paji la uso. Alitoa ufunguo mfukoni mwa kanzu, anacheka, akafungua.

Bi Zuhura aliingia peke yake, akaurudisha mlango nyuma yake. Waliobaki nje walisikia sauti yake tu, anaimba kwa kebehi wimbo wa kumsifu bwana harusi. Ndani, Riziki alikuwa amekaa juu ya shuka la maua, macho makavu, mguu mmoja umefungwa kamba kwenye tendegu la kitanda.

Bi Zuhura alipiga magoti akiimba. Alifungua fundo akiimba, kwa vidole vile vilivyokwisha kuosha ngozi ya Saida na ya Zawadi kwa sabuni na maji. Wimbo ulimkatika mara moja tu, akameza mate, akaendelea. Alimfunika mtoto na khanga ya Ashura toka kichwani hadi miguuni, akatoka naye kifuani.

“Nimempata mke mdogo!” alipiga ukelele. “Nimechukua! Mtani nimechukua, narudi naye Mpapura akanibangulie korosho!”

Kicheko kilichopanda pale nadhani kilisikika mpaka ufukweni. Watu walimpisha kwenye ngazi. Wengine walimpiga piga mgongoni. Mama mmoja alimtupia mtoto andazi. Hafsa alishuka nyuma yake akiwa ameshika pindo la gauni la marehemu.

Kabla hajashuka alikuwa amemtazama Ashura mara ya mwisho, akamwashiria kwa kichwa: twende. Ashura alitikisa kichwa. Hakuondoa macho yake kwenye ngazi.

Alawi aliwasindikiza hadi mlangoni, kama mwenyeji mwema. Pale kizingitini aliinama sikioni kwa Hafsa, meno yote nje, watu wanatazama.

“Saini ya kunikabidhi ni yako,” alisema taratibu. “Ya kumtoa huna. Jumatatu nitakuja kumchukua ofisini, na bosi wako atanipa kwa mikono yake. Msalimie Bi Doris.”

Kisha akapaza sauti kwa wote. “Chukua, mtani, chukua! Utamrudisha mwenyewe!”

Walitembea. Hawakukimbia, maana mtani hakimbii na alichochukua. Walipofika kwenye kona, Bi Zuhura alimkabidhi Hafsa mtoto na kuegemea ukuta, anahema, kofia ya Alawi imemwangukia usoni. Hafsa alimkumbatia Riziki kwa nguvu. Alilia sasa, bila kujificha, akimwomba radhi mtoto ambaye hakujua anaombwa radhi ya nini.

Hakuwa ameshinda kitu, na alijua. Lakini mtoto alikuwa hai, mzito, anapumua shingoni mwake.

Riziki alisogeza mdomo kwenye sikio la Hafsa.

“Na dada?” aliuliza.

“Dada Ashura atakuja, mama. Tutamfuata.”

“Siyo huyo. Yule wa chini ya ngazi.”

Hafsa aliacha kulia. “Chini ya ngazi kuna nani?”

“Dada. Jana nililala naye. Kuna giza. Alinipa maji yake yote.”

Ile video ilipita haraka pale kwenye ngazi. Hafsa aliikumbuka vizuri sasa: simu ilitikisika, mwanga ukapotea kidogo, kisha ghorofani, kitanda, shuka la maua. Alidhani Alawi amejikwaa. Na leo alizipanda ngazi zilezile na kuzishuka, akicheka, akishangiliwa na mtaa mzima. Kama kuna aliyelia pale chini, nani angemsikia?

Alimtazama Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa amesikia. Alivua kofia ya Alawi taratibu, akaitupa chini, akageuka kuirudia nyumba.

Kibarazani watu walikuwa bado wanafutana machozi ya kucheka. Walipomwona anarudi wakamshangilia upya.

“Rudi, mtani!” walimpigia kelele. “Umesahau kingine!”

Bi Zuhura alifungua mdomo kuwaambia. Wakacheka kabla hajasema.

Na ndani ya nyumba, komeo likaingia mahali pake.